Protea: Ua la Miteremko ya Ufipa

Ukitoka Tunduma kwenda Sumbawanga unasafiri zaidi ya kilometa 200. Unapita Laela. Kila unavyozidi kwenda, nchi inazidi kuwa wazi. Miti ni michache. Kuna mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Baada ya mashamba kuna nyasi. Baada ya nyasi kuna kilima, na juu ya kilima kuna nyasi tena. Mgeni aliyezoea misitu ya miombo ya Tabora au Mpanda hujiuliza: hapa kuna nini cha kutazama?

Kipo cha kutazama. Lakini mtu aliyekaa ndani ya basi hakioni. Lazima ashuke, aache barabara, atembee kwa miguu mpaka kwenye miteremko yenye mawe na nyasi fupi. Huko kuna mti mfupi, mara nyingi kimo cha mtu au pungufu. Majani yake ni magumu kama ngozi. Gome lake ni nene, tena mara nyingi limeungua na kuwa jeusi kwa moto wa nyika. Mtu akiuona wakati hauna maua atasema ni kuni tu. Akiuona una maua atasimama.

Wataalamu wa mimea huuita protea. Watu wa milimani wana majina yao, na majina hayo hubadilika kutoka mahali hata mahali. Ndugu msomaji, kama kijijini kwenu una jina lake, endelea kulitumia. Hapa tutatumia neno protea ili wasomaji wa mahali pote waelewane.

NCHI YENYEWE

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki kuna Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili yako chini, katika Bonde la Ufa. Maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800. Vilele vya milima ya Mbizi vinapita meta 2,400. Kwa hiyo Ufipa ni kama meza iliyowekwa kati ya mabakuli mawili. Mtu akitaka kuona ukingo wa meza hiyo aende kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Pale mto unaanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja.

Jina la Sumbawanga wenyeji hulieleza hivi: tupa uchawi wako. Maana yake mgeni akija na uchawi, autupe kabla ya kuingia. Mgeni akija Juni au Julai afadhali aje pia na koti, maana baridi ya Ufipa haina utani. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi mingine ni mikavu, usiku ni wa baridi, mchana jua ni kali na upepo ni mwingi.

Kwa nini miti ni michache? Sababu si moja. Watu wamelima na kuchunga katika nchi hii kwa muda mrefu sana. Moto hupita kwenye nyasi karibu kila mwaka. Zamani Wafipa walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu kuliko mtu, na mabaki ya matanuru hayo bado yanaonekana sehemu kadhaa za Ufipa. Tanuru la chuma linakula mkaa, na mkaa ni miti. Msitu mnene uliobaki uko juu milimani, hasa katika hifadhi ya Mbizi, ambako hutoka maji ya vijito vingi, na ambako bado wanaishi kima wekundu wasiopatikana sehemu nyingi duniani.

Ukishika barabara ya Ntendo kwenda Muze utaanza kupanda kuelekea kwenye safu hiyo, kabla ya kuteremka ghafla hadi bonde la Rukwa. Kati ya mashamba ya chini na msitu wa juu kuna ukanda wa nyasi na mawe. Udongo wake ni mwembamba na hauna rutuba. Mkulima mwenye akili haupendi. Protea ndiyo inaupenda.

UTAITAMBUAJE?

Anza na majani. Jani la protea ni refu na jembamba. Ni gumu, halikunjiki kwa urahisi, na lina mshipa wa kati unaoonekana vizuri. Rangi yake ni kijani cha kijivu au cha buluu kidogo. Majani hukaa kwa wingi karibu na ncha za matawi.

Kisha tazama gome. Ni nene, lina nyufa. Mti ulioungua mara nyingi huwa na shina fupi lililopinda, na matawi mapya hutoka chini.

Sasa tazama ua. Hapa watu wengi hudanganyika. Kile kinachoonekana kama ua moja kubwa si ua moja. Ni maua madogo mengi yaliyokaa pamoja katikati, kama watu mkutanoni. Kile kinachofanana na petali, yaani yale majani ya rangi yaliyozunguka, ni majani ya ulinzi tu. Kazi yake ni kulinda maua madogo yakiwa bado machanga. Yakifunguka, umbo lote linafanana na bakuli la uji.

Katika Afrika ya Mashariki kuna aina kadhaa. Inayopatikana katika nchi nyingi zaidi ni Protea gaguedi. Inaota kuanzia Uhabeshi hadi Afrika ya Kusini. Ua lake ni jeupe au la rangi ya maziwa, mara nyingine lina wekundu kidogo. Majani ya ulinzi yana vinyweleo laini vinavyong'aa kama fedha. Kwa kawaida ua hukaa moja moja kwenye ncha ya tawi, na upana wake unaweza kuwa sentimeta 5 hadi 11. Jani likikomaa huwa halina vinyweleo.

Aina ya pili ya kuangalia ni Protea welwitschii. Hii maua yake ni madogo zaidi, na mara nyingi hukaa matatu au manne pamoja kwenye ncha moja ya tawi. Majani yake machanga yana vinyweleo vingi, na maua yake yamefunikwa vinyweleo vyeupe au vya rangi ya kutu. Basi ukitaka kuzitofautisha, hesabu maua kwenye ncha ya tawi, halafu pitisha kidole juu ya jani changa.

Tahadhari moja. Katika misitu ya miombo na kwenye kingo za milima kuna miti mingine ya ukoo huu iitwayo faurea. Faurea ni mti mrefu, na maua yake yamejipanga kwenye kijiti kirefu kinachoning'inia, kama mkia. Hayo si ya protea. Protea hainingʼinii. Bakuli lake hutazama juu au pembeni.

Ua likikauka haliondoki mara moja. Bakuli hujifunga, hugeuka rangi ya kahawia, na hubaki juu ya tawi kwa miezi mingi. Ndani yake mbegu zinakomaa taratibu. Inaweza kuchukua miezi 9 hadi 12. Kila mbegu imevaa manyoya. Bakuli likifunguka kwa ukavu, upepo unazichukua.

JINA LIMETOKA WAPI

Mwaka 1735 mtaalamu wa Sweden aitwaye Linnaeus alikuwa akiyapa majina mimea ya dunia nzima. Alikuta kundi hili lina maumbo mengi tofauti. Akakumbuka mungu mmoja katika hadithi za Wayunani wa kale, Proteus, aliyeweza kujigeuza umbo lolote. Akaliita kundi lote protea.

Jina la pili, gaguedi, si la Kizungu. Ni la Uhabeshi. Mskoti James Bruce alikuwa nchini humo kati ya mwaka 1769 na 1771, akitafuta chanzo cha Mto Nili. Aliukuta mti huu milimani, akaandika jina ambalo wenyeji waliutaja. Wataalamu wakalichukua. Nimelieleza jambo hili kwa sababu watu wengi hufikiri kwamba majina ya kitaalamu yote yametoka Ulaya. Hili limetoka kinywani mwa wakulima na wachungaji wa milima ya Afrika.

NDUGU ZAKE UNAWAFAHAMU

Huenda unasema hujapata kuona mmea wa ukoo huu. Tazama uwanja wa shule. Ule mti mrefu wenye majani yaliyochanika kama ya jamii ya feni, na maua ya rangi ya chungwa, uitwao mgrevilea, ni wa ukoo wa protea. Asili yake ni Australia. Makadamia, njugu ghali zinazolimwa sehemu chache za nchi yetu, nazo ni za ukoo huo, na asili yake ni huko huko Australia.

Wapagazi wanaopandisha wageni Kilimanjaro huiona protea juu ya msitu, mahali ambapo miti mirefu imekwisha na vichaka vya erika vimeanza. Nchini Afrika ya Kusini zipo aina nyingi kuliko mahali pengine popote. Aina moja yenye ua kubwa kama kichwa cha mtoto ni ua la taifa la nchi hiyo, na timu yao ya taifa ya kriketi imejiita kwa jina la protea. Wakulima wa kule hulima maua hayo na kuyasafirisha kwa ndege hadi Ulaya. Protea ya Ufipa haina soko kama hilo. Ni ndogo, na anayekuambia utatajirika kwa kuiuza mjini anakudanganya.

INA KAZI GANI BASI?

Ndani ya bakuli la protea kuna maji matamu. Kwa Kiswahili huitwa mbochi. Ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, chozi, huja kuyanywa. Mbawakawa huja pia, na nyuki huja kwa wingi. Mwenye mizinga karibu na miteremko hiyo ana faida asiyoilipia. Katika nchi yenye miti michache kama Ufipa, kila kichaka chenye maua ni sehemu ya asali.

Mizizi yake hushika udongo mwembamba kwenye mteremko. Ikiondoka, mvua ya Januari haina cha kuizuia, na udongo unateremka hadi kwenye kijito ambacho watu wa chini huchota maji.

Sehemu mbalimbali za Afrika watu hutumia magome au mizizi ya protea kwa maradhi ya tumbo. Habari hizo zipo, lakini si ruhusa ya kujitibu. Mtoto akiharisha apelekwe zahanati, na njiani apewe maji yenye chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri.

MOTO

Mtu atauliza: kama protea ina gome la kuzuia moto, tunahofu nini? Ni swali zuri. Mti mkubwa kweli hustahimili moto. Ukiungua matawi, huchipua tena. Kwa maelfu ya miaka moto ulipita milimani, na protea haikwisha.

Lakini mche wa mwaka mmoja hauna gome nene. Ni laini kama mchicha. Moto ukipita kila mwaka, tena mwishoni mwa kiangazi wakati nyasi zimekauka kabisa na moto una nguvu, kila mche unakufa kabla ya kukua. Miti mizee inabaki. Mwenye kupita anaona miti na kusema, mbona ipo? Ipo, lakini ni wazee watupu. Ni kama kijiji chenye babu na bibi bila mtoto hata mmoja. Siku wazee hao watakapokatwa kuni, hakuna wa kushika nafasi.

Hii ndiyo njia nzuri ya kupima hali ya mlima wenu. Usihesabu miti mikubwa. Inama utafute midogo. Ukitembea hatua mia moja kati ya protea kubwa bila kukuta hata mche mmoja wa kimo cha goti, kuna shida.

Moto wa mwanzo wa kiangazi, wakati nyasi bado zina unyevu, hauumizi sana. Moto wa Septemba na Oktoba ndio unaoua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti kuhusu kuchoma nyika, na pia inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Mteremko wa nyasi na vichaka unaweza kuingia katika mpango huo. Si lazima uwe na miti mirefu.

MFANO WA KIKANDE

Wapo wanaosema maua ya porini hayaishi. Watazame kikande. Kikande ni chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi za porini. Wenzetu wa Zambia hukiita chikanda na wanakipenda sana. Zambia ilipopungukiwa, wanunuzi walivuka mpaka kuja nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Watafiti waliochapisha taarifa yao mwaka 2003 walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kila mwaka. Kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Mchimbaji alipata fedha kidogo. Kisha ilimpasa kwenda mbali zaidi mwaka uliofuata, na mbali zaidi tena. Mwaka 2005 Kitulo, kule mikoa ya Mbeya na Njombe, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na sababu kubwa ilikuwa maua yake.

Protea haina kiazi kinacholiwa, na hilo limeiokoa na biashara hiyo. Hatari yake ni moto, jembe na shoka.

KUIOTESHA NYUMBANI AU SHULENI

Jambo la kwanza: usiing'oe mlimani. Watu huona mti mzuri, huchimba na kuupanda uani. Mti huo hufa. Mizizi yake haivumilii kusumbuliwa. Tena ndani ya hifadhi ya Mbizi hairuhusiwi kuchukua mmea bila kibali. Njia ya halali na yenye kufaulu ni mbegu kutoka miteremko ya kijiji chenu.

Tafuta vichwa vya maua vya mwaka uliopita, vile vya kahawia vilivyojifunga. Kata vichache tu kwa kila mti, na vingi viache. Viweke ndani ya mfuko wa karatasi au kikapu, mahali pakavu penye hewa. Baada ya siku chache vitafunguka. Chambua mbegu zenye manyoya.

Nyingi zitakuwa kapi. Hii ni kawaida ya protea, usife moyo. Bana kila mbegu kwa kucha. Iliyo ngumu na nene ina uhai. Iliyobonyea tupa. Katika kichwa kizima unaweza kupata mbegu nzuri chache tu, kwa hiyo kusanya kutoka miti kadhaa.

Panda mwezi wa Aprili au Mei. Mbegu za ukoo huu hupenda mchana wa joto kidogo na usiku wa baridi, na miezi hiyo Ufipa inavyo vyote viwili. Loweka mbegu kwa maji ya vuguvugu usiku kucha. Wengine huzifukiza moshi kwanza. Tangu mwaka 1990 watafiti wa Afrika ya Kusini wameonyesha kuwa moshi wa majani huamsha mbegu za mimea mingi ya nyika za kule. Unaweza kujaribu: washa majani makavu ndani ya debe, ongoza moshi juu ya kiriba chenye mbegu kwa muda, kisha mwagilia. Gharama yake ni ndogo.

Udongo wa kujaza viriba uchukue kwenye mteremko, chini ya protea yenyewe, kiasi kidogo. Changanya na mchanga wa mtoni, sehemu mbili za mchanga kwa sehemu moja ya udongo. Maji yapite haraka. Toboa kiriba vizuri. Fukia mbegu kwa kina cha unene wake, si zaidi. Weka viriba mahali penye mwanga.

Sasa linakuja jambo ambalo mkulima wa Ufipa ataona gumu kulikubali.

Mfipa ni hodari wa kulisha udongo. Tangu zamani hukusanya nyasi wakati wa mvua, huzifunika kwa udongo na kufanya matuta ya duara, intumba. Hupanda maharage juu yake. Nyasi huoza ndani. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, tuta husambazwa na ulezi hupandwa. Wataalamu kutoka nchi za mbali wameandika juu ya kilimo hiki na kukisifu. Ni mbolea bila kununua mbolea.

Protea usiifanyie hivyo. Usiipe samadi. Usiipe DAP, wala TSP, wala mbolea ya Minjingu. Mbolea hizi zina fosfati. Mahindi huifurahia fosfati. Protea huumia. Sababu yake ni hii. Protea imezoea udongo maskini kwa muda mrefu mno. Ili ipate chakula, hutoa mizizi midogo mingi iliyosongamana kama brashi karibu na uso wa ardhi. Brashi hiyo hufyonza kila chembe ya fosfati inayopita. Udongo ukiwa na fosfati nyingi, mmea unafyonza kupita kiasi na haujui kujizuia. Majani hugeuka manjano, kingo zake hukauka kama zimebabuliwa, mmea hufa. Watu husema umekosa mbolea, huiongeza, na huumaliza.

Kwa hiyo pia usichague mahali palipokuwa zizi au jalala. Usiipande katikati ya mahindi. Sehemu nzuri ni kona ya mawe, mwinuko mdogo, au pembeni mwa uwanja mahali ambapo hakuna kinachokubali kuota. Hapo ndipo protea itakapokushukuru.

Mbegu huchelewa. Wiki tatu ni mapema. Miezi miwili ni kawaida. Usifukue kutazama. Mwagilia asubuhi, kidogo, udongo uwe na unyevu lakini usiwe tope. Maji ya jioni na kivuli kizito huleta ukungu unaoozesha shingo ya mche. Mche ukianguka kama uliokatwa na uzi, toa kiriba hicho mbali na vingine na upunguze maji.

Mwezi wa Desemba, mvua zikishika, miche iliyofikisha kiganja cha mkono ihamishwe. Chimba shimo. Chana kiriba kwa wembe na utoe mche pamoja na udongo wake wote. Usitikise mizizi. Acha meta moja au zaidi kati ya mche na mche. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, lakini zisiguse shina. Palizi iwe ya mkono. Jembe hukata ile mizizi ya brashi iliyo juu juu. Mbuzi wazuiwe kwa miiba miaka miwili ya kwanza. Katika kiangazi cha kwanza mpe mche maji mara moja kwa wiki. Kiangazi cha pili ataweza kujitafutia.

Ua la kwanza hulioni upesi. Hesabu miaka mitatu hadi mitano. Mtoto aliyepanda akiwa darasa la pili ataliona ua akiwa karibu kumaliza shule ya msingi. Ndiyo maana kazi hii inafaa shule kuliko mtu mmoja.

DAFTARI

Kuna kazi moja ambayo wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuifanya vizuri kuliko mtaalamu anayepita siku moja kwa gari. Chagua protea tano kwenye mteremko wa kijiji chenu. Zifunge kitambaa chenye namba, 1 hadi 5. Kila mwezi zitembelee na uandike: mwezi gani tumba la ua limeanza, mwezi gani limefunguka, ni wadudu gau ndege gani wamekuja, mwezi gani mbegu zimetoka. Moto ukipita, andika tarehe. Andika pia idadi ya miche uliyoikuta hatua kumi kuzunguka kila mti.

Maua hayafunguki wakati mmoja mahali pote. Kilima cha Matai si kilima cha Namanyere, na upande wa jua la asubuhi si upande wa jua la jioni. Daftari la mwaka mmoja litakuambia siku ya kukusanya mbegu kwenye mteremko wenu. La miaka mitatu litakionyesha kijiji kama miche inaongezeka au imekwisha. Hapo, mkutano wa kijiji ukizungumzia moto, usiseme unaona kama miti inapungua. Fungua daftari usome namba.

Ua la kwanza la mti ulioupanda mwenyewe usilikate kuweka mezani. Liache likauke juu ya tawi, na mwaka unaofuata lifunge mfuko wa kitambaa kabla halijafunguka, maana upepo wa Ufipa hauchelewi.